Mlango Usiofunguka kwa Ndani: Kutafuta Spea za Ndani za Gari Kuukuu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya kando ya ziwa. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa.)

Tumeombwa tuzungumze juu ya magari ya vikundi, na tunajua wengi wenu mmekuja mkitazamia tuseme juu ya injini. Hatutasema juu ya injini. Hapa kando ya ziwa, kutoka Asembo mpaka Kendu Bay, kila soko lina makanika anayeijua injini ya Probox hata gizani. Sisi tunaosimamia gari la kikundi chetu tunataka kusema juu ya vitu vya ndani: kishikio cha mlango, mkono wa kuzungushia kioo, mshipi wa usalama, mpira wa mlango, kava la mlango, kiti, zulia, na zile klipu ndogo za plastiki zinazoshika kila kitu mahali pake.

Hivi ndivyo vinavyochakaa kwanza, na hivi ndivyo kila kikundi huahirisha. Mweka hazina anasema, "Hicho tutanunua mwezi ujao." Mwezi ujao unafika, unakuja na tairi. Mwezi wa pili unakuja na bima. Mwaka unakwisha, na abiria wameshajifunza kufungua mlango kwa kutoa mkono nje ya dirisha. Wageni nao hufundishwa: "Shika kwa nje, vuta kwa nguvu, piga na bega."

Basi kuna gari moja la kikundi, hatutalitaja, lililombeba mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku kuelekea Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu Warusi walisaidia kuijenga miaka ya 1960. Injini haikusumbua hata kidogo. Walifika. Dada yake akavuta kishikio cha mlango wa nyuma, kikabaki mkononi mwake. Kile cha nje kilikuwa kimevunjika tangu zamani. Mlango wa upande wa pili ulikuwa umezibwa na mizigo. Dereva akazunguka, akafungua buti, akapanda juu ya viti. Mama yule alijifungulia kwenye kiti cha nyuma, hatua chache kutoka mlango wa hospitali. Mtoto yuko, mzima, anakimbia. Lakini hebu fikirini gari lile lingekuwa limeteleza mtaroni au limeshika moto. Kilichokosekana ni kipande cha plastiki cha kutosha kiganjani.

Kabla hamjaenda kununua kishikio, angalieni jambo moja. Ukifungua mlango wa nyuma, ubavuni mwake karibu na kitasa utaona kijiti kidogo cha kusukuma. Hicho ni kizuizi cha watoto. Kikisukumwa upande mmoja, mlango haufunguki kwa ndani hata kishikio kiwe kipya kutoka kiwandani. Watoto hukisukuma, gunia hukisukuma, na watu hulia ati mlango umeharibika. Tumeona kava la mlango likibomolewa lote, klipu zikivunjwa sita, kumbe ni kijiti tu.

Sasa tuchukue hiyo Probox, kwa kuwa ndiyo wengi mnayo. Toyota waliitoa mara ya kwanza Japani mwaka 2002, pamoja na pacha wake anayeitwa Succeed. Waliichora kwa ajili ya wachuuzi wa makampuni yao: mzigo nyuma, mtu mmoja mbele, na kimeza cha kuvuta pale katikati ili bwana aandikie oda zake. Hawakuichora kwa watu 9 na magunia ya omena siku ya soko Luanda Kotieno. Kiti cha nyuma cha ile ya mizigo ni chembamba kwa sababu kilitakiwa kulala chini mzigo upite. Milango ilichorwa kwa kufunguliwa mara chache kwa siku, na sisi tunaifungua kila kituo. Kwa hiyo msishangae vishikio vikikatika. Shangaeni kwamba vimedumu hivyo.

Tena kuna hesabu moja ambayo kila kikundi kinatakiwa kuijua. Umbo lile la kwanza la Probox lilikoma mwaka 2014, likaja jingine lenye dashibodi na sura tofauti. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Hesabuni wenyewe. Tangu mwaka 2023 hakuna gari zima la umbo lile linaloweza kuingia kihalali katika bandari ya Mombasa. Yale yaliyopo nchini ndiyo yaliyopo, na kila mwaka yanapungua. Wazee wetu waliyaona haya kwa Peugeot 504. Gari lile liliunganishwa hapa hapa Kenya, likabeba watu wa Kisumu na Nairobi miaka mingi, na spea zake zilikuwa kama sukari dukani. Leo mwenye 504 anatafuta kishikio cha mlango kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea, boma kwa boma. Probox bado haijafika huko, lakini iko njiani.

Ndiyo sababu tunasema anzeni na karatasi kabla ya fedha. Fungueni boneti. Kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini kuna kibati. Kinaonyesha aina ya gari, kwa mfano NCP50, NCP51 au NCP55, na namba ya chesisi. Pana pia sehemu yenye tarakimu na herufi zinazoonyesha rangi ya nje na, baada yake, rangi na aina ya vitu vya ndani. Watu wengi hawajui kwamba rangi ya ndani nayo imeandikwa. Wanakwenda tauni na kusema, "Nataka kava la mlango la kijivu," na kijivu ni vingi. Nakilini kibati chote, herufi kwa herufi, katika daftari la gari. Kama kuna kijana mwenye simu, apige picha pia, lakini daftari lisikose, kwa maana simu hupotea na vijana huhama.

Halafu jueni gari lenu ni la daraja gani. Zile za chini, zinazoitwa DX, vioo vyake huzungushwa kwa mkono. Zile za juu, GL, vioo hupanda kwa umeme. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kava la mlango la gari la umeme halina tundu la mkono wa kuzungushia. Ukilinunua kwa sababu ni zuri na safi, utafika nyumbani utafute kisu, na ukishatoboa huwezi kulirudisha dukani.

Kila spea ya Toyota ina namba ya tarakimu kumi, tano, halafu kistari, halafu tano. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani. Kishikio cha ndani cha mlango wa mbele upande wa kulia huanza na 69205, upande wa kushoto 69206. Mkono wa kuzungushia kioo huanza na 69260. Klipu nyingi huanza na 90467. Baada ya kistari, zile tarakimu mbili mara nyingi zinaonyesha gari ambalo kitu kile kilichorewa kwanza. 12 ni ukoo wa Corolla, 52 ni ukoo wa Vitz. Probox imejengwa juu ya msingi wa Vitz, kwa hiyo mkiona 52 kwenye kitu kidogo msikidharau kwa kuwa kimetoka kwenye Vitz. Namba hupigwa chapa nyuma ya plastiki, upande usioonekana. Kabla ya kutupa kilichovunjika, kigeuzeni msome. Na mnapokwenda kununua, nendeni nacho. Kipande kilichovunjika ni barua ya utambulisho nzuri kuliko maneno ya dereva.

Jambo dogo la kulia na kushoto limeleta ugomvi mwingi. Kulia ni kulia kwa mtu aliyeketi ndani akitazama mbele. Makanika aliyesimama mbele ya gari akiitazama taa anaona kinyume. Semeni "upande wa dereva" na "upande wa abiria", na ugomvi utakwisha.

Haya, mahali pa kutafuta. Kisumu yenyewe anzeni na mafundi wa jua kali wa Kibuye na Kondele. Msiulize duka la kwanza na kulipa. Tembeeni, ulizeni watatu, mwishowe rudini kwa yule aliyekwenda nyuma ya kibanda kutafuta badala ya kusema tu "hiyo haipatikani". Siku ya soko kuu la Kibuye ni Jumapili, na kuna vitu vinavyoanikwa chini siku hiyo ambavyo hamtavipata katikati ya juma. Juu ya hivyo tutasema neno baadaye kidogo.

Kisumu pakishindikana, kuna Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ile iliyoitwa Grogan zamani. Pale kila kitu kipo, na kila maneno pia yapo. Ushauri wetu ni msipande basi kwenda kutafuta kishikio. Nauli ya kwenda na kurudi itazidi bei ya kishikio chenyewe, na mjumbe atahitaji chakula. Tumeni picha ya kile kilichovunjika, mbele na nyuma, pamoja na namba. Muuzaji naye atume picha ya kile alicho nacho, mbele na nyuma. Mkikubaliana, kipande kije kwa basi. Kulipa kabla ya kuona ni hatari, sote tunajua. Kikundi chenye ndugu au mwanachama Nairobi kimwombe aende akione na kukishika.

Kuna aina nne za spea, na hapa maoni yetu si sawa na ya wauzaji. Kuna mpya ya Toyota yenyewe, ghali lakini haina maswali. Kuna mpya ya kuiga. Kuna kuukuu iliyoletwa kutoka Japani. Na kuna kuukuu iliyotolewa kwenye gari lililokufa hapa nchini. Kwa kishikio cha mlango, sisi tunachagua kuukuu ya Toyota kuliko mpya ya kuiga. Ya kuiga hung'aa, lakini plastiki yake ni nyepesi, na pale kwenye jino la kuvutia chuma hukatika mapema. Kwa mpira wa mlango ni kinyume kabisa. Mpira kuukuu umeshalala, hauinuki tena, hata utoke Japani na karatasi zake. Nunueni mpya, hata wa kuiga, wa mita, mradi umbo lake lishike ule ukingo wa chuma. Zulia la miguu chukueni la bei ndogo, halina siri.

Mshipi wa usalama ndio hatutaki mchezo nao. Tangu Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika, gari la abiria latakiwa kuwa na mshipi kwa kila kiti. Watu walizichukia sana wakati ule, na magari yakaegeshwa nchi nzima. Leo mishipi mingi ipo kwa ajili ya polisi wa trafiki tu. Abiria wa mbele anaulaza kifuani bila kuufunga, akipita kizuizi anauachia. Wa nyuma imefichwa chini ya kiti.

Muuzaji mmoja aliwahi kutuletea mshipi wa mbele, msafi, bei nzuri. Tuliuvuta wote mpaka mwisho. Pale karibu na mwisho, sehemu ambayo haitoki kila siku, palikuwa na mstari wa kahawia umekauka. Tope. Gari lile lilikuwa limezama. Tulimrudishia. Mnakumbuka ziwa lilivyopanda mwaka 2020 mpaka likaingia nyumba za watu ufuoni, na Nyando inavyomwagika Kano kila mara. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalizamisha magari mpaka Nairobi. Magari hayo hayakutoweka, ndugu zetu. Yaliuzwa vipande vipande. Kiti kilichozama kikikauka kinapendeza. Chuma chake ndani kinaoza, na harufu hurudi mvua ya kwanza. Kwa hiyo mshipi vuteni mpaka mwisho, na kiti kipindueni mtazame chini.

Tena mshipi wa gari lililogongana usinunuliwe. Katika magari mengi ya aina hii mshipi wa mbele una kifaa kinachouvuta wakati wa ajali, na kikishalipuka mara moja kimekwisha kazi. Mwingine utaona mishono imefumuka au uzi umenyooka kama uliovutwa na ng'ombe. Uacheni. Namna ya kuujaribu ni hii: vuta polepole, utoke, vuta ghafla, ukamate, achia, urudi wote. Lakini ushikeni wima kama unavyokaa garini. Ukiuinamisha mkononi hukamata wenyewe, kwa kuwa ndivyo ulivyoundwa, na watu hukataa mshipi mzuri kwa sababu hiyo. Au, mbaya zaidi, muuzaji huwaambia kila mshipi unaokwama ni mzuri.

Tukisema juu ya mishipi hatuwezi kuacha ule mfuko wa hewa ndani ya usukani. Kijana yeyote anayetaka kutoa usukani au dashibodi atoe kwanza waya wa betri, asubiri sekunde 90, ndipo aanze. Waya zenye mfuniko wa manjano asiziguse wala asizipime kwa taa. Mfuko ule ukilipuka usoni mwa fundi, hakuna daktari wa kijiji atakayemrudishia jicho.

Lile neno la Kibuye sasa. Vioo vya pembeni, vifuniko vya magurudumu, nembo za gari, taa ndogo za ndani: vitu hivi vinaibwa. Magari mengi nchini siku hizi yamechorwa namba ya usajili kwenye vioo vya pembeni kwa sababu hiyo. Mkiona kioo kilichokwaruzwa pale namba inapochorwa, mmeshaelewa. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Sheria ya Adhabu, na jina litakaloandikwa kituoni ni la yule aliyetumwa na kikundi, mara nyingi kijana wa watu asiyejua lolote. Kwa hiyo watu wawili waende kununua. Risiti iandikwe jina la kikundi, kitu chenyewe, na namba ya simu ya muuzaji. Anayekataa kuandika risiti anawaambia habari zake mwenyewe. Na mkishapata vioo vyenu, vichoreni siku hiyo hiyo.

Kazi ya kufunga mnaweza kuifanya wenyewe, msiiogope. Kitu kimoja ambacho jua la Kisumu linatusaidia ni plastiki. Asubuhi na mapema plastiki ni ngumu na hupasuka. Ngojeni saa sita gari liwe limechomeka, klipu zitatoka bila kelele. Mkono wa kuzungushia kioo hauna skrubu inayoonekana, na watu huuvunja kwa bisibisi. Chukueni kitambaa, mkipitishe kati ya mkono ule na kava, mvute kushoto na kulia kama mtu anayesugua kiatu. Kuna klipu ya waya kule nyuma yenye umbo la kwato. Kitambaa huikamata na kuitoa. Mtu mwingine aweke kiganja chake tayari, kwa maana inaruka, na ikianguka kwenye nyasi mtaitafuta mpaka jioni. Klipu za plastiki nunueni zaidi ya mnazohitaji. Ndicho kitu cha bei ya chini kuliko vyote, na kava lililokosa klipu tatu hutikisika, likitikisika huvunja zilizobaki.

Mkiliondoa kava mtaona karatasi ya nailoni imebandikwa juu ya matundu ya mlango. Fundi mwenye haraka huichana na kuitupa. Tunawasihi, msimruhusu. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia kioo, hiyo ni kawaida, nayo hutoka kwa vitundu vya chini. Nailoni ile ndiyo inayoyazuia yasije ndani kwa abiria. Ikikosekana, kava huvimba, zulia hulowa, na sakafu huoza. Mkiikuta imechanika, kateni nyingine kutoka ile nailoni nene ya ujenzi inayowekwa chini ya sakafu ya nyumba, mbandike kwa gundi pande zote. Na vile vitundu vya chini ya mlango vizibueni kwa kijiti. Tumekuta milango inayobeba maji kama mtungi.

Sakafu inatuleta kwa samaki. Ziwa letu halina chumvi, na wengine husema kwa hiyo magari ya huku hayapati kutu kama ya Mombasa. Lakini mnabeba mbuta na ngege kwenye barafu, na maji yale ya barafu na damu yanashuka chini ya zulia yakakaa huko. Angalieni pale mishipi inapofungwa kwa bolti, na pale miguu ya viti inaposimama. Mshipi mpya uliofungwa kwenye chuma kilichooza haumshiki mtu. Kila baada ya safari za samaki, zulia litolewe lote, paoshwe kwa maji safi, milango iachwe wazi mpaka pakauke. Beseni au kreti yenye ukingo isaidie, ila nayo itavuja siku moja.

Viti na dari si lazima mnunue. Fundi wa viti wa jua kali atashona kiti upya kwa turubai ngumu au kwa ngozi ya plastiki, na vikundi vya akina mama vyenye cherehani vinaweza kushona vifuniko. Mambo ni mawili tu: uzi uwe wa nailoni, kwa maana wa pamba huoza kwa jasho na jua, na sponji iwe ile nzito, isiwe mabaki ya godoro jepesi, la sivyo mtaketi kwenye chuma kabla ya Krismasi. Bampa lililopasuka hushonwa kwa waya na kuchomelewa kwa chuma moto, halipendezi, linafanya kazi. Kuna dada mmoja aliuliza kama yale magugu ya ziwa tunayosukia vikapu na viti vya nyumbani yanaweza kusukwa mkeka wa gari. Wazo zuri, lakini kwa upande wa dereva tunasema hapana. Mkeka ule hunywa maji, hukunjamana, na ukisukumwa mbele huingia chini ya breki.

Jambo la mwisho ndilo lililotuleta hapa. Kila kikundi kikitafuta kishikio kimoja kimoja, tutalipa nauli, tutalipa wapatanishi, na bado tutashindana sisi kwa sisi kwa spea zile zile zinazopungua. Tunapendekeza vikundi vyenye Probox ya umbo la kwanza viungane vinunue gari moja lililokufa injini au lililogongwa mbele tu, ambalo milango minne na viti bado ni vizima. Kampuni za bima huuza magari kama hayo kwa mnada na kutangaza. Kabla ya kulipa, namba yake itafutwe katika rekodi za NTSA ili jina la mwenye gari lilingane na la muuzaji, na kitabu cha gari tukabidhiwe mkononi. Gari lile lifunguliwe mbele ya wajumbe wa vikundi vyote, kila kitu kiandikwe, kihifadhiwe mahali pakavu. Mgao ndio utakaoleta maneno, tunajua. Maoni yetu ni kwamba vishikio na mishipi iende kwanza kwa magari yanayobeba wagonjwa, halafu tupige kura kwa vingine. Kuna waliosema mwenye kuchanga zaidi achague kwanza. Hilo mlijadili leo, sisi tumeshasema letu.

Wanaotaka kushiriki waandike kwa karani, kabla ya chakula, aina ya gari kutoka kwenye kibati, kama vioo ni vya mkono au vya umeme, na milango ipi haifunguki kwa ndani. Asiyejua lake, gari liko hapo nje, aende sasa aifungue boneti. Wenye Toyota 110 msiondoke. Ketini pale upande wa dirisha mwandike orodha yenu, kwa maana spea zenu ni nyingine na gari la kununuliwa litakuwa jingine.